Namna ya kuwauliza wazee wa Ujiji na Tabora habari za watumwa, pembe za ndovu na karanga

Kama unataka kuandika historia ya ukoo wenu huku Kigoma au Tabora, tafadhali usimwendee mzee na swali la "eti babu yetu alikuwa mtumwa?" Hapo umeshafunga mlango. Kuna ambaye babu yake alikuwa na watumwa, kuna ambaye bibi yake aliletwa toka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na leo wanakaa mtaa mmoja na wameoleana. Toa shikamoo, kaa mkekani, af uliza habari za mizigo: walibeba nini, mali ya nani, wakipeleka wapi, wakilipwa nini.

Bibi mmoja wa Ujiji alikaa nusu saa nzima ananijibu "sijui mwanangu", nilipotaja shanga tu akaingia ndani akatoka na kikopo, ndani mna vishanga vifupi kama vipande vya mti wa kiko, ndo sofi hizo, zamani zilikuwa hela ya soko la Ujiji. Akashika kimoja akasema mama wa bibi yake alinunuliwa kwa hizi na merikani, kile kitambaa cha pamba. Nilinyamaza. Na wewe ukifika hapo nyamaza, usikimbilie swali la pili.

Sasa miaka, maana hapa ndo wengi tunakosea. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873 lakini huku bara misafara iliendelea, pembe na watu njia ileile na matajiri walewale. Mjerumani alimshinda Isike, mtemi wa Unyanyembe huku Tabora, 1893 na bado hakufuta utumwa, alichofanya baadaye ni kutoa sheria kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 ni huru, utumwa wenyewe ulikuja kufutwa 1922 chini ya Mwingereza. Kwa hiyo mzee akikwambia babu alikuwa mtumwa wakati wa Mjerumani usimsahihishe, yuko sawa kabisa.

Af uliza kodi. Kodi ya nyumba ilianza 1898, na mtu akidaiwa rupia, hela ya wakati huo, lazima apate kitu cha kuuza, nta, mpira wa porini, karanga, au auze nguvu zake. Muulize nani kwenu alienda kukata mkonge pwani, maana Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi na reli ilipofika Tabora 1912 na Kigoma 1914 mzigo uliokuwa unatembea kichwani miezi mitatu ukapanda treni, wao wakabaki na mikono tu. Kwangu mimi hapo ndo penye historia yenyewe, mwandikie mzee kila jina atakalolitaja.

Ukimaliza rudi umsomee ulichoandika kabla hujampa mtu mwingine, na akisema jina fulani litoe, litoe.