Kuhama shule Thailand bila kupoteza viza: karatasi za kibali cha kazi, ipi kwanza ipi baadaye

Walimu wenzangu mlioko Thailand, kila ikifika Februari naanza kupata maswali yaleyale kuhusu kuhama shule, kwa hivyo wacha niandike yote mahali pamoja. Mwaka wa shule huku unaanza katikati ya Mei na kuisha Machi, manake mikataba mingi inakatika Machi au Aprili, halafu katikati hapo kuna Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, 13 hadi 15 Aprili, ofisi zote za serikali zimefungwa na nusu ya watu wameenda kwao vijijini. Ukiacha mambo ya karatasi mpaka Aprili umechelewa. Anza Februari.

Kitu cha kwanza kabisa uelewe, na hiki ndo kimewaumiza wengi, ule muhuri wa mwaka mmoja kwenye pasipoti yako haukupewa wewe kama wewe. Umepewa kwa sababu ya ile kazi. Kazi ikiisha, ruhusa ya kukaa nchini inaisha siku hiyohiyo, hata kama muhuri unasoma miezi mitatu mbele. Mimi nililijua hili kwa kulipa. Mkataba wangu uliisha 31 Machi, muhuri ulikuwa unasoma Juni, nikasema nina muda, nikapumzika kidogo nikaenda kutembea kaskazini, kurudi naenda Uhamiaji na karatasi za shule mpya ofisa anapiga hesabu ananiambia nimekaa siku 11 bila ruhusa. Faini ni baht 500 kwa siku (kikomo chake ni 20,000), nikatoa 5,500 pale pale na nikaambiwa nitoke nchini nikaombe viza upya. Shule niliyoacha ilishapeleka taarifa na hakuna aliyeniambia kitu. Kwa hivyo tarehe ya mwisho ya kazi, ile iliyoandikwa kwenye barua, ndo tarehe ya kuishika kichwani, ya kwenye muhuri isahau.

Sasa usiandike barua ya kuacha kazi kabla shule mpya haijakupa mkataba uliosainiwa na kukuonyesha wameanza karatasi zao. Najua kuna shule zinakuhimiza "acha tu kule, huku tutamaliza", lakini mkataba bila karatasi hauwezi kukuweka nchini hata siku moja. Soma pia mkataba wa zamani unasema notisi siku ngapi, 30 au 60, na uhesabu kurudi nyuma. Kama unaweza kuongea na pande zote mbili, omba tarehe zifuatane, yaani shule ya zamani iandike mwisho wako ni tarehe fulani na mpya iandike unaanza siku inayofuata. Hilo pengo la wiki mbili tatu ambalo kwetu Mombasa lingekuwa likizo tu, huku ndo linakutoa nje ya nchi.

Karatasi za kuchukua shule ya zamani, zichukue ukiwa bado unaingia pale kila asubuhi na kusalimiana na yule dada wa ofisi anayeshughulikia walimu wageni, sio baada ya kuondoka. Unahitaji barua ya kukubali kuacha kwako yenye tarehe na muhuri wa shule, barua ya kuthibitisha ulifanya kazi hapo toka lini hadi lini, barua ya kwenda Uhamiaji ya kusitisha ukaaji wako, na ile ya kwenda Idara ya Ajira ya kufuta kibali. Mwajiri anatakiwa kuijulisha Idara ya Ajira ndani ya siku 15 kuwa umeacha, ila wewe omba nakala, usikubali kuambiwa tu kuwa wameshatuma. Pia karatasi ya kodi inayoitwa Tawi 50, inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, hiyo wengi wanaisahau halafu Uhamiaji wakiitaka mwaka unaofuata unarudi kuomba kwa watu ambao hata hawakukumbuki. Kama ulikuwa shule ya binafsi kuna na barua nyingine ya kukutoa kwenye orodha ya walimu wao kule Tume ya Elimu ya Binafsi, bila hiyo shule mpya ya binafsi haiwezi kukuingiza kwake.

Na hapa nisisitize kwa walimu wanaofanya kazi kupitia ajenti. Angalia kibali chako mwajiri aliyeandikwa ni nani. Mara nyingi ni ajenti, sio shule unayofundisha. Kwa hivyo shule ileile ikitaka kukuajiri moja kwa moja, darasa lilelile, watoto walewale, meza ileile, kwa sheria umebadilisha mwajiri na unaanza karatasi zote upya. Usiridhike na maneno ya mwalimu mkuu kwamba ni kuhamisha jina tu.

Njia za kuhama ziko mbili. Ya kwanza ni kuhama ukiwa ndani ya nchi: siku yako ya mwisho ya kazi unaenda Uhamiaji na mafurushi mawili, la kusitisha la shule ya zamani na la kuomba ukaaji mpya la shule mpya, wanafuta huku wanaandika kule. Fomu ni TM.7, ada baht 1,900. Hii inawezekana ila inategemea ofisi, zipo za mikoani zinazokubali vizuri na zipo zinazokuambia toka nje tu, kwa hivyo wiki tatu kabla nenda mwenyewe kwenye ofisi ya mkoa wa shule mpya (sio ya zamani, ukihama mkoa ofisi yako inabadilika) ukaulize na uwaombe orodha yao iliyoandikwa. Mtu wa Chiang Mai akikuambia kwake walimkubalia, hiyo haisaidii kitu Khon Kaen. Karatasi zikichelewa siku chache unaweza kuomba siku 7, nazo ni 1,900, ila usizijengee mpango manake ofisa anaweza kukataa.

Njia ya pili ni kutoka na kuomba viza ya Non-B, yaani ile ya kuingilia kazini, upya kwenye ubalozi wa Thailand nchi ya jirani, wengi wanaenda Vientiane kule Laos kwa kupitia daraja la Nong Khai. Toka 1 Januari 2025 maombi ya viza ni ya mtandaoni dunia nzima, kwa hivyo skani kila kitu kwa rangi, na uwe umeshaingia nchi hiyo ndo utume. Sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki tunasahau jambo moja, kabla ya kukata tiketi ya basi hakikisha wewe unaruhusiwaje kuingia hiyo nchi ya jirani, usifuate alivyofanya Mwingereza wa shule yenu. Na beba pesa za kukaa hoteli wiki nzima au zaidi. Ukirudi na Non-B unapata siku 90, ndani ya hizo ndo kibali kinatoka na unaomba muhuri wa mwaka mmoja.

Kibali chenyewe zamani kilikuwa kile kitabu cha buluu, ila toka Oktoba 2025 Idara ya Ajira imehamishia maombi kwenye mfumo wa mtandaoni, kwa hivyo akaunti yako iwe na imeili yako binafsi, usitumie ya shule ambayo watakufungia ukiondoka. Usiingie darasani shule mpya hata kwa "siku ya majaribio" kabla kibali hakijatoka, wala usiende kufundisha wikendi kwenye tuisheni ambayo haiko kwenye kibali. Mgeni akikamatwa anafanya kazi bila kibali au nje ya kibali faini ni baht 5,000 hadi 50,000 na kufukuzwa nchini, na shule haitakuja kukutetea.

Halafu kuna Kurusapha, baraza la walimu. Kama huna shahada ya ualimu unafundisha kwa ruhusa ya muda ya miaka 2, na ruhusa hiyo imeandikwa jina la shule. Ukihama, shule mpya inapaswa kuomba kwa jina lake. Waulize mapema kama wameshaomba, kwa sababu kuna shule zinakumbuka baada ya miezi sita. Sisi ambao hatuhesabiwi kama wazungumzaji wa Kiingereza wa kuzaliwa, weka karibu cheti cha TOEIC, ule mtihani wa Kiingereza, cha alama 600 kwenda juu, na uangalie tarehe yake manake kinadumu miaka 2. Cheti cha tabia njema nacho kikiwa cha zamani wataomba kipya. Mkenya unaanzia eCitizen, ila alama za vidole lazima, kwa hivyo ongea na ubalozi wetu Bangkok mapema.

Jambo dogo ambalo limenipotezea siku mbili nzima: jina lako kwa herufi za Kithai. Kila shule inaliandika inavyolisikia, Mwanaisha anaweza kuwa na maandishi matatu tofauti, na karatasi zisipofanana ofisa anazirudisha. Wape shule mpya nakala ya kibali cha zamani na uwaambie waandike jina vilevile herufi kwa herufi. Angalia na miaka, wao wanaongeza 543, kwa hivyo 2026 ni 2569, nimeona barua yenye tarehe ya mwisho iliyokosewa mwaka na mwalimu akahangaika kweli. Kila fotokopi saini kwa kalamu ya buluu. Kama una mke, mume au watoto kwenye viza yako, ruhusa yao ya kukaa inaisha siku inayoisha yako, karatasi zao ziende pamoja na zako.

Bima ya jamii uliyokuwa unakatwa 5% inaendelea kukuhudumia hospitali miezi 6 baada ya kuacha. Shule nyingine hazikuingizi huko, na kama umechangia miezi 12 unaweza kuendelea kulipa mwenyewe kwa kifungu cha 39, ila uombe ndani ya hiyo miezi 6.

Ukishapata muhuri mpya, hakikisha mwenye nyumba amepeleka TM.30, fomu ya kuwaambia Uhamiaji mgeni anakaa kwake, ya anwani mpya, na hesabu ripoti ya siku 90, yaani ile ya kuwaambia Uhamiaji unakaa wapi kila siku 90, unaweza kuipeleka kuanzia siku 15 kabla mpaka siku 7 baada, ukichelewa ni baht 2,000. Na ukitaka kwenda nyumbani Desemba, chukua ruhusa ya kurudi kwanza, 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa nyingi, ukitoka bila hiyo muhuri wote unakufa pale mpakani. Ukisahau kabisa, uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, kuna dawati lake upande wa wanaoondoka, fika mapema na ubebe picha moja, fotokopi za pasipoti na pesa taslimu.