Unakwenda Ulaya majira ya joto? Kupe na homa ya ubongo: mambo ya kuzingatia kabla

Kwetu kupe ni habari ya ng'ombe na ndigana. Mtu akipata nafasi ya kusoma Bavaria kule Ujerumani, Austria au karibu na Stockholm, Sweden, anawaza viza na koti la baridi. Kupe hamjii akilini kabisa. Kumbe kupe wa kule, tangu Aprili hivi hadi Novemba, anaweza kubeba kirusi kinachoshambulia ubongo, na kirusi hicho hakina dawa. Kina chanjo.

Chanjo yenyewe haitaki haraka. Ni dozi tatu: ya pili hufuata baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, ya tatu miezi kadhaa mbele. Kama muda umebana, ipo ratiba fupi, muulize daktari. Ujerumani utaikuta imeandikwa FSME, Sweden TBE. Ile ya homa ya manjano uliyochomwa kwa ajili ya safari haikukingi, ingawa virusi hivi ni vya ukoo mmoja. Hata hivyo beba kadi yake: kingamwili za homa ya manjano, au za dengue uliyowahi kuugua, zinaweza kuvuruga majibu ya kipimo cha damu.

Ukitoka msituni au hata bustanini, jikague nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na nyuma ya masikio. Kupe mchanga ni mdogo kuliko punje ya ufuta, na haumi kwa maumivu. Wagonjwa wengi hawakumbuki kuumwa. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, mvute taratibu bila kumpaka mafuta wala kumchoma moto, kisha andika tarehe. Ila kirusi kimo kwenye mate ya kupe na huingia ndani ya dakika chache, kwa hiyo kumwahi kupe si kinga kamili. Maziwa mabichi ya mbuzi nayo huambukiza. Yachemshe.

Sasa dalili, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili huja homa, uchovu na maumivu ya misuli, mithili ya mafua. Inaisha. Unarudi darasani, siku zinapita, pengine wiki, kisha homa inarudi na kichwa kinachopasuka, shingo ngumu, kutapika, kuchanganyikiwa, mikono kutetemeka, kuyumba ukitembea. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Kama umetoka nyumbani karibuni, dai kipimo cha malaria, lakini taja na msitu. Ukitaja kimoja tu, daktari atafuata hicho.

Hospitali itakutuliza maumivu, itakupa maji na, ikibidi, mashine ya kupumulia. Walioambukizwa wengi hawaugui kabisa. Kwa aina ya kirusi iliyozoeleka Ulaya, kati ya wanaofikia hatua ya ubongo hufa wachache, kama mmoja au wawili kwa mia. Aina ya Mashariki ya Mbali, kule Urusi, ni kali zaidi. Kinachosumbua ni kinachobaki: theluthi moja hivi, pengine zaidi, hubaki kwa miezi au miaka na usahaulifu, uchovu, kichwa kuuma au kuyumba, na wachache hupooza bega au mkono.

Watoto kwa kawaida huugua kwa wepesi, wazee huumia zaidi. Basi kama unamleta mama akusaidie kulea mjukuu, na mnapenda kuchoma nyama bustanini, mwekee naye miadi ya chanjo.