Kuuza kwa mnada mtandaoni ukiwa nyumbani: mtafute mnunuzi wa pili

Katika mnada wa mtandaoni bei haipangwi na aliyeshinda, inapangwa na aliyeshindwa mwisho. Tovuti nyingi, eBay ikiwemo, humruhusu mnunuzi kuandika kwa siri kiwango cha juu kabisa anachoweza kutoa, kisha mfumo humpandishia dau kidogo kidogo, kadiri tu inavyotosha kumpita mwenzake. Mmoja akiandika dola 60 na mwingine 45, na hatua ya kupanda ikiwa 1, mshindi atalipa 46. Zile 14 zilizobaki mfukoni mwake hutazigusa. Na huyo wa 45 asipotokea, wa 60 ataondoka na mzigo kwa bei ya kuanzia, hata kama uliandika 5.

Basi kazi yako yote, tangu kuchagua bidhaa hadi saa ya kufunga mnada, ni kuhakikisha wapo angalau watu wawili wanaokitaka kitu kile kwa wakati mmoja.

Kipi kinadiwe

Mnada hufaa kwa kitu ambacho ni adimu au bei yake haina kipimo kamili: lenzi za kamera za zamani, vipuri vya mashine ambazo kiwanda kimeacha kuzitengeneza, sarafu, stempu, saa za kutia ufunguo, ala za muziki, rimoti za televisheni ambazo hazipo tena madukani. Chaja mpya au kava la simu usilinadi. Kila mtu anajua bei yake, wauzaji wamejaa, na hakuna atakayeshindana na mwenzake kwa kitu atakachokipata kesho kwingine. Vitu hivyo viwekee bei moja uviache vikae.

Kibovu nacho kina soko, mradi useme wazi kwamba ni kibovu. Kitu cha kwanza kuuzwa mwaka 1995 kwenye AuctionWeb, tovuti ya Pierre Omidyar iliyokuja kuitwa eBay, kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, na ilinunuliwa kwa dola 14.83. Mafundi hununua vibovu ili kung'oa vipuri. Kamera isiyowaka lakini yenye lenzi safi inaweza kugombaniwa kuliko nzima yenye lenzi iliyoota ukungu.

Anza na vilivyomo ndani ya nyumba. Si kwa sababu vina faida kubwa, bali kwa sababu havikugharimu kitu sasa hivi, na utajifunza kufungasha na kujibu wateja kabla ya kutia mtaji. Tovuti nyingi pia humwekea muuzaji mpya kikomo cha mauzo na kuishikilia pesa yake kwa muda kabla ya kumwachia. Usikope fedha ya kununulia bidhaa ukitegemea malipo yataingia siku ileile.

Hesabu kabla ya kununua

Fungua tovuti utakayouzia, tafuta kitu kilekile, kisha chuja matokeo yaonyeshe vilivyouzwa tu. Bei za vitu ambavyo bado vinasubiri mnunuzi ni matumaini ya wauzaji, na kuna vitu hukaa mwaka mzima na bei ya kutisha bila kuguswa. Andika bei za mauzo 10 hivi ya karibuni, ondoa ile ya juu kabisa, halafu angalia bei ya chini ni ipi na waliotia dau walikuwa wangapi. Vikiwekwa 10 vikauzwa 8, watu wapo. Vikiwekwa 40 vikauzwa 3, achana navyo, hata kama hivyo 3 viliuzwa ghali.

Sasa piga hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo, kwa kutumia bei ya chini. Tuseme kitu huuzwa kati ya 45 na 80, na mnunuzi analipa 15 za nauli ya mzigo. Ada ya tovuti tuiweke asilimia 13, pamoja na 0.40 kwa kila oda. Angalia vizuri asilimia hiyo inakatwa kwenye nini: eBay huikata kwenye jumla yote aliyolipa mnunuzi, nauli ikiwemo. Wageni wengi huikokotoa kwenye bei ya kitu peke yake, kisha wanashangaa pesa imepotelea wapi. Kikiuzwa 45, jumla ni 60. Toa ada 8.20, boksi na vifungashio 2.50, nauli halisi 16. Zinabaki 33.30. Ukitaka faida isipungue 10, mwisho wako wa kununulia ni 23.30. Mwenye mali akigoma kushuka chini ya 25, mwachie mali yake. Kinaweza kufika 80, lakini hiyo iwe nyongeza, usiijengee mpango.

Muda nao ni gharama. Kusafisha, kujaribu, kupiga picha, kuandika, kufungasha na kupeleka mzigo kwa msafirishaji kunaweza kula saa nzima kwa kitu kimoja. Ndiyo maana vitu vyenye faida ya 2 au 3 haviuzwi kimoja kimoja; vipange mafungu, uvinadi kwa fungu.

Nauli ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu wasafirishaji hawaangalii uzito wa mizani peke yake. Wengi huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, wakagawanya kwa 5,000, na jibu likizidi kilo halisi wanatoza kwa jibu hilo. Boksi la 40 × 30 × 25 linahesabiwa kilo 6 hata kama ndani mna kitu cha kilo 2. Ukipata la 30 × 25 × 20, ni kilo 3. Kwa hiyo fungasha kwanza, pima kwa mizani na futi kamba, ndipo utangaze. Anayekisia nauli hulipia tofauti kutoka mfukoni.

Picha, kichwa na maelezo

Piga picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, juu ya kitambaa au karatasi ya rangi moja. Picha 8 hadi 12 zinatosha: kila upande, chini, ndani, sehemu za kuunganishia waya, nambari ya utambulisho, na kila kasoro kwa karibu ukiweka rula pembeni ili ukubwa wake uonekane. Kifaa cha umeme kipige picha kikiwa kimewaka. Mtu mwenye wasiwasi hutia dau dogo, na dau dogo la mtu wa pili ndiyo bei yako.

Kichwa cha tangazo kwenye eBay kina herufi 80. Zitumie kwa maneno ambayo mtu angeyaandika akitafuta: kampuni, modeli, nambari ya kipuri, saizi, rangi, hali. Maneno kama "nzuri sana" au "usikose" hayatafutwi na mtu. Nambari ya modeli inakili kutoka kwenye kifaa chenyewe, usiitaje kwa kumbukumbu; herufi moja ikikosewa, wanaoitafuta hawatakuona kabisa, na atakayekuona kwa bahati atashinda peke yake kwa bei ya kutupwa.

Katika maelezo, taja ulichojaribu na ambacho hukujaribu. "Inawaka, vitufe vyote vinafanya kazi, betri hudumu kama saa 2, mkwaruzo wa sentimita 3 upande wa kushoto, chaja haipo" ni maelezo bora kuliko aya tatu za sifa. Kasoro uliyoitaja ni vigumu kufanywa sababu ya kurudishiwa mzigo. Uliyoificha itarudi kwako pamoja na nauli ya kwenda na kurudi.

Bei ya kuanzia na saa ya kufunga

Kwa kitu chenye watafutaji wengi, anza chini kabisa. Bei ndogo huwavuta watu, na mtu akishatia dau mara moja huendelea kukifuatilia. Kwa kitu kinachotafutwa na wachache, anza na bei ya chini unayoweza kuipokea bila hasara, maana huenda akatokea mmoja tu. Baadhi ya tovuti hukuruhusu kuweka bei ya siri ambayo isipofikiwa hulazimiki kuuza. Huduma hiyo mara nyingi hutozwa ada, na huwachosha wanunuzi wanaopandisha dau wakaambiwa bado. Afadhali bei ya kuanzia iliyo wazi.

Mnada wa siku 7 hutosha vitu vingi. Ukiuanza Jumapili usiku utafungwa Jumapili usiku, watu wakiwa nyumbani. Kwa kitu adimu chukua siku 10 na uanze Alhamisi usiku: utapita wikendi mbili na kufungwa Jumapili. Saa nzuri ni kati ya saa 1 na saa 4 usiku, kwa saa za huko waliko wanunuzi, si zako. Hili huwaponyoka hata wazoefu: wanatangaza wakati wanaponafasika, mnada unafungwa alfajiri kwa wateja wao. Ukiwa na vitu kadhaa vinavyofanana, viachanishe dakika 10 au 15, ili aliyekosa cha kwanza ahamie cha pili na hasira zake.

Bei ikiwa bado chini siku ya sita, tulia. Wengi husubiri sekunde za mwisho kwa makusudi, wengine kwa kutumia programu, ili wasiwape wenzao nafasi ya kujibu. Ndiyo sababu yule anayekuandikia katikati ya mnada, "funga sasa nikupe 30", mara nyingi anajua kitu kina thamani zaidi ya 30. Mshukuru, umwambie atie dau kama wengine.

Kuna njia ya mkato ambayo muuzaji mgeni huiwaza mapema: kumwomba ndugu au rafiki apandishe dau. Usithubutu. Tovuti huzifungia akaunti za namna hiyo, nchi nyingi zina sheria dhidi yake, na mara kwa mara ndugu ndiye hushinda, ukabaki na kitu chako na deni la ada.

Kufungasha

Kitu kisigusane na ukuta wa boksi: acha sentimita 5 kila upande, zijae plastiki ya viputo au karatasi iliyofinyangwa. Funga kwa gundi pana ya maboksi, mstari mmoja katikati na mmoja kila ncha, juu na chini. Tikisa. Ukisikia kitu kinacheza ndani, fungua ujaze. Kioo na kaure viwekwe boksi ndani ya boksi. Betri za lithiamu na manukato vina masharti makali kwenye usafiri wa ndege, na betri iliyovimba haisafirishwi kabisa. Uliza msafirishaji kabla ya kutangaza, si baada ya kulipwa.

Matapeli na wasiolipa

Malipo yathibitishwe ndani ya akaunti yako, kamwe si kwa barua pepe inayodai pesa imeingia. Fungua tovuti mwenyewe, usibofye kiungo ulichotumiwa. Anayelipa zaidi "kwa bahati mbaya" na kuomba umrudishie tofauti kwa njia nyingine ni tapeli. Malipo yake ya mwanzo yatabatilishwa, ulichomrudishia kimekwenda. Anayetaka mmalizane nje ya tovuti anakutoa nje ya ulinzi wake. Anayelipa kisha akaomba mzigo uende anwani nyingine, futa oda na umwombe anunue upya kwa anwani sahihi, kwa kuwa ulinzi wa muuzaji hutegemea mzigo kufika kwenye anwani iliyo kwenye oda.

Tuma kila mzigo ukiwa na nambari ya kuufuatilia, na cha thamani kubwa kipokelewe kwa saini. Rekodi video fupi ya kufungasha ikionyesha nambari ya utambulisho. Kuna wanaonunua kizima na kurudisha kibovu chao cha modeli ileile, na bila nambari hiyo ni neno lako dhidi ya lake.

Mshindi asipolipa, eBay humpa siku 4, kisha unaweza kuifuta oda na kurudishiwa ada. Unaweza pia kumpa yule wa pili ofa ya kukinunua kitu kwa dau lake la juu. Fanya hivyo haraka, ndani ya siku moja au mbili, kabla hajapata kingine. Lakini kama mshindi asiyelipa alikuwa akaunti mpya iliyopandisha bei kwa fujo, dau la wa pili limevimba pia na huenda akakataa. Rudia mnada tu.

Kitu kisipopata hata dau moja, usikirudishe mnadani kilivyo. Badilisha picha ya kwanza, pitia nambari ya modeli kwenye kichwa, punguza bei ya kuanzia au nauli, na ubadili siku ya kufunga. Kikikosa mtu mara ya pili, hicho hakina washindani wawili kwa sasa. Kiwekee bei moja, ruhusu wanunuzi watoe ofa, na uende kwenye kitu kingine.