Jinsi ya kujenga albamu ya hip-hop yenye kisa kimoja, kutoka nyatiti hadi isukuti

Mwongozo huu ni wa dada anayeandika mistari yake mwenyewe na anataka kutoa albamu ya hip-hop ambayo nyimbo zote zinabeba kisa kimoja, ikichanganya na midundo ya kwetu: nyatiti (kinubi cha Wajaluo), benga (muziki wa gitaa), ohangla (ngoma za kasi za Wajaluo), isukuti (ngoma za Waluhya). Narapu na kutengeneza biti hapa Kisumu, na kuna jambo nalishikilia kuliko mengine yote: kila ala inayoingia kwenye albamu iwe na kazi katika kisa. Nyatiti ikitupiwa juu ya biti ili wimbo usikike wa kienyeji tu, msikilizaji wa mtaa wa Kondele atagundua kabla ya vesi ya kwanza kwisha.

Hatua ya 1: Pata mtu, mahali na muda

"Maisha ya mwanamke" ni mada pana mno. Mtafute mwanamke mmoja na umpe mipaka. Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni wa mama anayenunua omena (dagaa) ufuoni mwa Ziwa Victoria alfajiri na kuiuza soko la Kibuye. Kwao ni Kakamega, ameolewa Kisumu. Albamu nzima ni siku yake moja, kuanzia saa kumi alfajiri hadi usiku anapohesabu pesa. Ufuoni kuna jaboya, yule mvuvi anayetaka mwili wa mchuuzi kabla ya kumuuzia samaki. Hapo ndipo kisa kinapopata moto: mama ana pesa mkononi, na bado anaambiwa pesa haitoshi.

Si lazima iwe siku moja. Rapa wa Marekani Lauryn Hill mwaka 1998 alitumia darasa: mwanzoni mwalimu anaita majina, anafika kwa jina la Lauryn Hill na hakuna anayeitika, kisha darasa hilo linarudi katikati ya nyimbo. Rapa mwenzake Rapsody mwaka 2019 alitoa albamu ya *Eve*, ambamo karibu kila wimbo una jina la mwanamke mweusi: Nina, Serena, Maya, Oprah. Wa kwanza aliweka fremu, wa pili akapanga picha ukutani. Mimi naipenda siku moja kwa sababu saa zenyewe zinakupangia nyimbo, na msikilizaji hapotei hata akirukia katikati.

Hatua ya 2: Mpe kila mhusika sauti yake

Chukua karatasi. Upande mmoja andika matukio, upande wa pili andika ala itakayobeba kila tukio na sababu yake. Sababu ikikosekana, ala itoke.

Kwenye mfano wetu, alfajiri ni nyatiti peke yake, bila ngoma, kwa sababu mama yuko peke yake. Mabishano na mvuvi ni biti kavu ya hip-hop, kiki (pigo zito la chini) na sneya (pigo kali la juu), na gitaa la benga. Kwa nini benga? Katika benga gitaa huzungumza na mwimbaji: anatoa mstari, gitaa linaudaka na kuujibu. Basi gitaa ndilo liwe mvuvi. Mama anarapu mstari, gitaa linambembeleza. Anarapu tena, gitaa linazidi utamu. Siku zote gitaa la benga hutupendeza, na ndiyo maana linafaa hapa: msikilizaji atatikisa kichwa kwanza, halafu agutuke anatikisa kichwa kwa maneno ya nani. Mama akikataa, likate gitaa katikati ya kipande, lisirudi hadi mwisho wa albamu.

Safari ya kwenda sokoni ipe ngoma za ohangla kwa kasi yake. Mchana simu inatoka Kakamega: kuna msiba nyumbani. Hapo isukuti inaingia kihalali, maana kwa Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya wa Kakamega, ngoma hiyo hupigwa kwenye mazishi kama inavyopigwa kwenye harusi. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe na njuga. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kwa hiyo ukiirekodi vizuri unafanya kazi inayozidi albamu yako.

Hatua ya 3: Kusanya sauti na maneno

Nenda sokoni na simu, hata kinasa sauti si lazima. Rekodi kelele za wachuuzi, maji, makasia, boda boda. Zungumza na akina mama, lakini omba ruhusa kwanza na useme wazi unafanya nini. Mama akikusimulia habari za jaboya, sauti yake isiingie kwenye albamu kamwe, wala jina la ufuo wake. Andika upya kwa maneno yako na uyaseme wewe. Sauti ya mtu inatambulika haraka, na kesho yake anarudi ufuoni pale pale kutafuta samaki.

Hatua ya 4: Rekodi wapigaji

Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huzitega zifuate sauti yake. Usimwambie jaduong' (mzee) abadilishe ili zilingane na kinanda chako. Mwache apige, pima uzi wa msingi kwa programu ya kutegea gitaa, kisha isogeze bezi yako imfuate, hata kama ni kwa nusu ya nusu noti. Weka maiki moja mbele ya ngozi na ya pili karibu na mguu, kwa sababu pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga ala ndiyo mdundo wako, na njuga za mguuni ndizo hi-hat (matoazi) yako. Kwa nyimbo mbili sikuweka kiki kabisa, mguu wa mzee ulitosha.

Isukuti irekodiwe nje au kwenye ukumbi mpana, wapigaji wote pamoja. Wanasikilizana, wanachokozana, ukiwarekodi mmoja mmoja na mlio wa kuhesabu masikioni, unapata ngoma zilizokufa. Maiki ngumu ya jukwaani iwe kwenye ngoma kubwa, nyingine mbili zikae mbali kidogo zinase kundi zima. Mwendo utaupima baadaye kwenye laptopu na kuipanga gridi (mistari ya mapigo kwenye programu) ifuate ngoma. Rekodi kwa ubora wa 24-bit, na kilele cha sauti kisipite desibeli 10 chini ya sifuri. Na kama paa ni la mabati, maliza kazi asubuhi. Kisumu mvua ikianguka alasiri hakuna kinachosikika tena.

Hatua ya 5: Mwendo na mistari

Hapa ndipo nyimbo nyingi za mchanganyiko hubomokea, kwa hiyo tulia.

Mdundo wa hip-hop wa mapigo manne hugawanyika vipande 16. Na mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane na nane. Jaribu mishororo hii kwa mapigo 90 kwa dakika:

*Nimekuja na beseni, pesa nimeshika mimi,*
*usinivute pembeni, leta samaki, si ndimi.*

Kila silabi imekaa kwenye kipande chake, lakini huna pa kuvuta pumzi: ni silabi 16 kwa sekunde zisizofika tatu. Itumie kwa mistari miwili au minne mama anapopandwa na hasira, kisha rudi kwenye silabi 10 hadi 12 na uache nafasi. Nafasi hizo ndizo gitaa linajibia. Angalia pia vina vya kati, beseni na pembeni. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili huishia na irabu, kufananisha silabi ya mwisho pekee ni rahisi mno na sikio huchoka. Fananisha silabi mbili za mwisho, na uweke kina kingine katikati.

Ngoma za kasi kama ohangla usizikimbize. Zikiwa kwenye mapigo 140, wewe rapu ukihesabu 70. Ngoma zinakimbia, mama ameketi nyuma ya boda boda anawaza. Wapigaji wa isukuti wakikuletea mdundo unaohesabika tatu tatu, badilisha gridi iwe ya tatu na uandike mizani 12 badala ya 16: *Beseni mkononi, usinivute.* Ukilazimisha mistari ya 16 juu ya ngoma ya tatu, utasikika umeteleza kila baada ya pigo la pili.

Lugha nayo igawe kama ulivyogawa ala. Mama anasimulia kwa Kiswahili, anabishana akichanganya Kiswahili na Dholuo, anapokea msiba kwa Kiluhya cha kwao. Usitafsiri ndani ya mstari. Vesi inayofuata ifanye maana ijulikane.

Hatua ya 6: Vipande vya kuunganisha

Visizidi sekunde 40. Kelele za soko, mlango, simu inayoita. Ukihitaji mtu kueleza kisa kwa maneno, basi kuna wimbo haujafanya kazi yake, rudi uuandike.

Hatua ya 7: Miksi

Ngoma kubwa ya isukuti na bezi ya 808 (bezi nzito ya mashine ya ngoma) zinagombania mahali pamoja. Chagua moja kwa kila wimbo. Sikiliza kwa spika ya simu, kisha umwombe dereva wa matatu akuchezee kwenye gari lake. Masta ikikaa karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), Spotify haitaishusha sana.

Hatua ya 8: Haki na malipo

Kabla mpigaji hajaondoka, jazeni karatasi ya mgao: nani alitunga, nani alipiga, kila mmoja anapata asilimia ngapi, sahihi zote. Mlipe ada ya siku hiyo hata kama atapata mgao. Ukikata kipande cha wimbo kutoka sahani ya santuri ya zamani ya benga unahitaji ruhusa mbili, ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Hakimiliki ya mtunzi nchini Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Mimi huajiri mpiga gitaa aliye hai atunge kipya. Nyimbo za jamii nazo zinalindwa na sheria ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, kwa hiyo zungumza na wazee wa kikundi mapema. Kisha andikisha kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Unapopakia, zima nafasi ya ukimya kati ya nyimbo, na utangulize wimbo wa mabishano kama singo. Huo unasimama peke yake, na ndio akina mama wa Kibuye wataujadili.