Nukta kwantumu na kikasha cha mwanga: hesabu ya kupima kama kweli vimeshikana

Nukta kwantumu ni punje ya nusu-kipitishi, mara nyingi InAs (indiamu na aseniki) iliyozikwa ndani ya GaAs (galiamu na aseniki). Ukiiweka kati ya vioo viwili, yaani ndani ya kikasha cha mwanga, inaweza kutema fotoni (chembe ya mwanga), ikaimeza, kisha ikaitema tena. Mwaka 2004 jambo hilo lilionyeshwa maabara, kwa minara myembamba yenye vioo juu na chini. Sisi tutaliiga kwa Python na QuTiP, maktaba ya hesabu za kwantumu.

Hatua ya 1: namba. Fotoni ina nishati ya 1.3 eV (elektronivolti), ubora wa kikasha Q, yaani uwezo wake wa kuzuia mwanga usivuje, ni 10,000. Uvujaji wa mwanga κ ni 1.3 eV gawanya kwa Q, yaani 130 µeV (sehemu za milioni za eV). Mshikamano g, yaani nguvu ya nukta na kikasha kubadilishana fotoni, uwe 80 µeV. Uvujaji wa nukta, γ, ni 1 µeV. Huo usikuumize kichwa.

Hatua ya 2: vipimo. Gawanya kila namba kwa 658.2 ili muda usomeke kwa pikosekunde. Hiyo ni ħ (namba ya Planck, h, gawanya kwa 2π), si h! Niliwahi kupoteza wiki nzima nikijiuliza mbona mawimbi yangu yanajikokota, polepole zaidi ya mara sita.

Hatua ya 3: programu.

```
import numpy as np
from qutip import *
g, k, y = 80/658.2, 130/658.2, 1/658.2
a = tensor(destroy(2), qeye(2))
s = tensor(qeye(2), sigmam())
H = g*(a.dag()*s + a*s.dag())
mwanzo = tensor(basis(2,0), basis(2,0))
t = np.linspace(0, 60, 600)
r = mesolve(H, mwanzo, t,
    [np.sqrt(k)*a, np.sqrt(y)*s],
    e_ops=[s.dag()*s])
```

Mtego uko kwenye `mwanzo`. Kwa fotoni, `basis(2,0)` ni kikasha kitupu. Kwa nukta, kwa sababu ya jinsi `sigmam` ilivyoandikwa, ni nukta iliyosisimka, yaani yenye nishati ya kutema fotoni. Ukiweka 1 upande wa nukta, mchoro utalala kwenye sifuri kama maji mtungini.

Hatua ya 4: chora `r.expect[0]`, yaani uwezekano wa kuikuta nukta imesisimka, kisha usome mchoro. Kwa kanuni ya vitabuni, 4g ikizidi κ mshikamano ni imara. Hapa ni 320 kwa 130, tumefaulu. Lakini tazama pikosekunde ya 28, nishati inaporudi kwenye nukta kwa mara ya kwanza: uwezekano wa kuikuta imesisimka ni kama asilimia 6 tu. Spektra (mchoro wa nishati za mwanga unaotoka) itaonyesha vilele viwili, ila mchezo wa kurushiana fotoni umekwisha kabla haujakolea. Ndiyo maana siamini kanuni ile peke yake.

Sasa weka Q 40,000, yaani κ ya 32.5 µeV, uendeshe tena. Kwenye pikosekunde ya 26 utapata kama asilimia 52.