Tega neno asubuhi, jibizaneni kwa beti jioni

Tuko marafiki watano: wawili Kampala, mmoja Jinja, mmoja Masaka, mmoja Arua. Kila siku mmoja wetu anatega neno la herufi tano kwenye kundi la WhatsApp, wengine wanalitegua, na usiku kila mtu analeta ubeti uliozaliwa na neno hilo. Mchezo tuliuiga kwa Wordle, ule wa mtandaoni wa kubahatisha neno lililofichwa, ambao Josh Wardle aliufungulia watu wote Oktoba 2021 na The New York Times wakaununua Januari 2022. Kanuni hatukuzigusa: herufi tano, nafasi sita za kubahatisha. Ila maneno yetu ni ya Kiswahili, na rangi tunapaka wenyewe kwa mkono.

Hatua ya 1: Chagua neno

Mtegaji achague nomino iliyomo kwenye kamusi, tena ya kitu kinachoonekana: pembe, nyota, kamba, mboga. Msikubali vitenzi kama akija au akila, maana kwa viambishi vyetu mtu anaweza kuunda neno lolote atakalo, na ugomvi hautaisha. Kumbukeni pia kwamba maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho ni a, e, i, o au u. Ugumu uko mwanzoni: mb, nd, ny, ch, sh. Kila moja hapo ni herufi mbili.

Hatua ya 2: Tega na upake rangi

Sisi tunatega saa moja asubuhi, kabla watu hawajapanda teksi kwenda kazini. Majibu hayawekwi kundini. Kila mmoja anamtumia mtegaji peke yake, naye anarudisha vijiraba: kijani kama herufi iko mahali pake, njano kama imo lakini imekaa pengine, kijivu kama haimo.

Siku moja nilianza na kamba. Kijivu vyote vitano! Nikaandika pindo: p na o kijivu, lakini i, n na d zote njano. Hapo nilikaa nikiitazama simu huku chungu kikitokota. N na d zikiandamana, zinapenda kukaa mwanzoni. A imekufa, o imekufa, i ipo. Nikaandika ndizi, vikaja vijani vitano.

Hatua ya 3: Hesabu mizani

Tumia kipimo cha shairi la kawaida: mizani (yaani silabi) nane, pumzi kidogo, mizani nane. Pigia makofi. Ndizi ni makofi mawili, ndi-zi, kwa sababu n imeshikana na d. Lakini mkono ni matatu, m-ko-no, kwa kuwa m hiyo inasimama peke yake. Wenzetu wengi huteleza hapa, hasa waliokichukua Kiswahili mtaani bila kukisoma darasani. Tamka polepole, kofi litakuambia.

Vina havina shida. Andika neno la leo mwisho wa kipande kimoja, kisha tafuta wenzake: ndizi, kazi, siwezi, machozi.

Hatua ya 4: Andika ulivyolifikia neno

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Ukikaa kulisifu neno lenyewe, beti tano zitafanana. Simulia asubuhi yako: ulikuwa wapi, ulikwama wapi, nini kilikufungua macho. Wangu wa siku ile ulikuwa huu:

*Kulipokucha, siwezi, kutulia kitandani,*
*Neno limenipa kazi, herufi zi akilini,*
*Kumbe lenyewe ni ndizi, zaiva hapo jikoni,*
*Nacheka hadi machozi, mwiko wangu mkononi.*

Mishororo minne inatosha. Ukichoka, leta miwili.

Hatua ya 5: Funga mdomo mpaka saa mbili usiku

Ubeti unaotaja neno hautumwi kabla ya saa mbili. Zamani hatukuwa na sheria hii. Mmoja akatuma wake mchana, na wawili waliokuwa hawajacheza wakanyang'anywa siku yao. Iliwauma kweli.

Aliyemaliza mapema na kinywa kinamwasha, aruhusiwe ubeti wa fumbo, usiotaja neno. Mwenzetu wa Jinja alituletea huu saa sita mchana:

*Mbichi yavaa kijani, mbivu yavaa manjano,*
*Ukoo wake shambani, hushikana kwa mikono.*

Angalia alivyofanya. Kijani na njano ni rangi za ganda, na ni rangi za vijiraba vilevile. Na mikono ni ndizi zilivyoshikana kwenye mkungu. Niliusoma mara nne.

Hatua ya 6: Jibu kwa ubeti

Mtu akikupinga kwa maneno ya kawaida, mwambie alete mizani. Ubeti wangu ulimkera mwenzetu wa Masaka, na alikuwa na haki: kwetu Uganda zile za kijani zinazopikwa ni matoke, na ukisema ndizi wengi wanafikiria zile ndogo tamu, sukari ndizi, ambazo unazimenya na kuzila papo hapo. Kamusi iko upande wangu, soko liko upande wake. Akanijibu:

*Hayo yako ni matoke, si ndizi humo chunguni,*
*Kwenye tamu nipeleke, nizile pale sokoni.*

Majibizano yaliendelea hadi saa nne, kila mtu na vina vyake, na hakuna aliyekasirika. Kesho yake zamu ya kutega ilikuwa ya huyohuyo wa Masaka. Akatutega chana, lile la ndizi, na wote wanne tukamaliza nafasi sita bila kulipata.