Namna ya Kutumia Chingamu ya Nikotini Unapoacha Sigara

Chingamu ya nikotini ni dawa, na haitafunwi kama ile bigijii inayoliwa pamoja na muguka. Anayeitafuna mfululizo humeza nikotini pamoja na mate, ikaishia tumboni ambako haimfai sana, naye akapata kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, kisha akaiacha akidhani dawa ndiyo mbovu.

Itafune polepole mpaka uhisi ukali kama wa pilipili au ulimi kuwasha kidogo. Hapo acha kutafuna, uiweke kati ya shavu na ufizi, kwa sababu nikotini hupenya kuingia mwilini kupitia ngozi laini ya mdomo. Ukali ukishafifia, baada ya dakika moja hivi, tafuna tena kidogo, kisha uihamishie upande wa pili. Endelea hivyo kwa muda wa nusu saa.

Jambo linalosahaulika mno kwetu ni vinywaji. Kahawa, soda, maji ya ukwaju na ya ndimu hutia kinywa uchachu unaozuia nikotini kupenya. Kwa hiyo usile wala usinywe chochote, isipokuwa maji matupu, dakika 15 kabla ya kuitia mdomoni na wakati ingali mdomoni. Najua kikombe cha kahawa chungu barazani ndicho kinachoamsha hamu ya sigara, basi kinywe kwanza, ungoje, ndipo utafune.

Ikiwa huvuta sigara ya kwanza kabla ya dakika 30 kupita tangu kuamka, chukua ya miligramu 4. La sivyo, ya miligramu 2 yatosha. Katika wiki 6 za mwanzo tumia moja kila baada ya saa 1 au 2, hata kabla hamu haijakushika, bila kuzidi 24 kwa siku. Wiki 3 zinazofuata, iwe kila baada ya saa 2 hadi 4, na wiki 3 za mwisho kila baada ya saa 4 hadi 8. Mwenye kufunga Ramadhani atahitaji kuitumia usiku.

Mja mzito, aliyepatwa na mshtuko wa moyo karibuni, na mwenye meno ya bandia wamwone daktari au mfamasia kwanza. Iliyokwisha kutumika ifunge kwenye karatasi kabla ya kuitupa, kwani nikotini inayobaki ndani yake yaweza kumdhuru mtoto.